Namna ya Kumaliza Meno ya Mtoto Kabla Hajafika Darasa la Saba

Mtoto wa Kibaoni, huku Katavi, huzaliwa hana jino hata moja, na wakubwa wake wakijituma kidogo, anaweza kufika darasa la saba akiwa amekaribia kurudi alikotoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, bibi, shangazi, mwenye duka na mjumbe wa kamati ya shule, kwa sababu kazi yenyewe haimalizwi na mtu mmoja. Wapo wanaodhani mtoto hujiharibia meno mwenyewe kwa utukutu. Wanamwonea. Mtoto wa miaka mitatu hana pesa, hajui njia ya dukani na hajawahi kukoroga chai. Ukiona kinywa chake kimejaa matundu, watu wazima wamefanya kazi hapo.

Anza kwa kuweka sawa imani. Shikilia kwamba jino hutobolewa na mdudu, tena mdudu asiye na sababu, anayeamka siku moja na kuchagua gego. Faida yake ni kwamba mdudu akishabeba lawama, kopo la sukari linabaki na heshima yake mezani. Wataalamu wanasimulia vingine. Wanasema kinywani mwa kila mtu kuna bakteria, mashuhuri wao akiwa Streptococcus mutans, na sukari ikipita wao nao wanakula. Wakishakula wanatoa asidi, na asidi inayeyusha madini ya jino. Ndipo mate yanapokuja, yanaizimua asidi ile na kurudisha madini taratibu, kazi ya nusu saa au zaidi. Mate yakipewa nafasi, jino hupata nafuu. Kwa hiyo usiyape nafasi.

Hapa ndipo wengi wanapofeli. Wananunua sukari ya kutosha, wanampa mtoto yote kwa mkupuo mmoja pamoja na chakula, halafu wanashangaa meno bado yapo. Kiasi kina nafasi yake, sikatai, lakini idadi ya safari ndiyo inayomaliza kazi. Pipi tano zilizoliwa kwa dakika kumi baada ya ugali ni vita moja. Pipi tano zilizotawanywa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni ni vita tano, na mate hayapati hata muda wa kupumua.

Wasweden walilithibitisha hili kwa njia ambayo leo ingewafikisha mahakamani. Kuanzia miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, watu wenye ulemavu wa akili, wasioweza kukubali wala kukataa, walilishwa sukari kwa makundi. Wengine waliipata ndani ya mlo, wengine walipewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo, kundi moja hadi tofi 24 kwa siku. Waliopata sukari ndani ya mlo waliharibika meno kidogo tu. Wale wa tofi waliteketea. Kutokana na mkasa huo Sweden ikawashauri wazazi wawape watoto peremende siku moja tu kwa wiki, Jumamosi, na desturi hiyo ingali hai. Huko kwao wana Jumamosi moja. Sisi tuna saba.

Namna ya kuzipanga hizo Jumamosi saba ni rahisi, kwa sababu mitaa yenyewe imeshajipanga. Mtume mtoto dukani na noti, akalete chumvi na kiberiti. Mangi mwenye duka atavuta droo, atapekua sarafu kwa kidole kimoja, ataifunga. "Mwambie mama mia sina, chukua pipi mbili." Sarafu zimo, zinasikika zikigongana, lakini zinamsubiri mteja mkubwa. Mtoto atamenya ya kwanza kwa meno akiwa bado mlangoni, ataihamishia shavu la kushoto, na shavu litavimba hivyo mpaka afike nyumbani. Pipi ya kufyonza ndiyo inayofaa. Ile ya kutafunwa inakwisha mapema, ya kufyonza inakaa mahali pamoja ikiyeyuka juu ya gego kwa utulivu kabisa. Ya pili ataificha mfukoni kwa ajili ya baadaye, na hiyo baadaye ndiyo tunayoitaka.

Njiani atapita kwa bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, njoo hapa." Kwenye kanga ya bibi kuna fundo, na ndani ya fundo kuna kitu cha mjukuu. Usithubutu kumwambia bibi aache. Utaonekana unamnyima mzee raha yake na mtoto haki yake. Mgeni akija, vilevile. Mgeni wa Kibaoni haingii mikono mitupu, na tangu lini mgeni akaleta karanga?

Shuleni mapumziko ni saa nne. Hakikisha getini pana barafu za rangi kwenye vifuko, ubuyu uliochovywa rangi mpaka vidole vya mtoto vinaonekana vimetoka kiwandani, kashata, biskuti, pipi za kijiti, na ile juisi ya pakiti yenye picha ya embe ambalo halijawahi kuiona pakiti hiyo. Kamati ya shule inaweza kukutana mara tatu kwa mwaka kujadili madawati na isiguse jambo hili hata kidogo. Akitokea mama anayeuza ndizi na karanga za kuchemsha, mwacheni, ila akae mbali kidogo na geti.

Nyumbani sheria ni moja: chai isiyo na vijiko vitatu ni dawa, si chai. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika na kilo ikapita shilingi 4,000 katika maeneo mengi, nchi nzima ililalamika, bungeni na vijiweni. Magego hayakulalamika. Uhaba huo ukapita, tukarudi kwenye vijiko vyetu. Ukitaka kwenda mbele zaidi, soda: chupa ya mililita 350 hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya mwili inayotokana na chakula, na linaona ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Kwa mtoto wa chekechea ni pungufu. Kwa hiyo chupa moja kwenye harusi ya jirani inatosha kuvuka mpaka kabla hata bibi harusi hajaingia.

Katavi tumejaliwa jambo ambalo mikoa mingine inalinunua kwa bei: asali. Misitu ya miombo ya upande wa Inyonga na Mlele inatoa asali inayosifiwa, na mtoto wa Kibaoni, Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015 aliwahimiza Watanzania kufuga nyuki mpaka wengine wakadhani ni sehemu ya katiba. Asali ni nzuri. Inaingiza pesa, inatuliza kikohozi, inafanya mgeni arudi tena. Wewe itumie hivi: mshawishi mama mwenye mtoto mchanga kwamba kwa kuwa asali ni ya asili, haiozeshi. Bakteria wa kinywani hawaulizi kama sukari imetoka Kilombero au kwenye mzinga, na Shirika la Afya Duniani linaiweka asali kapu moja na sukari ya kopo. Lakini hilo halijaandikwa kwenye chupa ya asali. Afadhali lisiandikwe. (Na mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asiguswe na asali kabisa, kwa sababu nyingine ya sumu isiyohusu meno. Hapo sitanii.)

Usiku ndio wakati wa dhahabu. Mate hupungua mtu akilala, kwa hiyo mlinzi anakuwa amesinzia. Jaza chupa ya mtoto uji wenye sukari, au maziwa yaliyotiwa sukari, au chai, mpe akalale nayo mdomoni. Ndani ya miezi michache utaona matokeo kwenye meno ya mbele ya juu. Kwanza hujitokeza mstari mweupe mweupe wenye rangi ya chokaa, pale jino linapokutana na ufizi. Mstari huo una hatari moja: ukionekana mapema, unaweza kurudishwa nyuma. Kwa hiyo usiinue mdomo wa juu wa mtoto kuchungulia. Acha mpaka uwe kahawia, kisha tundu, kisha visiki vitatu vyeusi, ndipo useme kwamba kwenu meno mabovu ni ya ukoo.

Ndugu wakianza kuuliza, wajibu kwamba hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Jibu hili halijawahi kushindwa. Litafunika ukweli kwamba magego ya utoto hukaa mpaka mtoto ana miaka kumi na zaidi, kwamba ndiyo yanayoshika nafasi ya yale ya kudumu yasije yamepindana, na kwamba mtoto anayeumwa jino la muda hulia kwa sauti ileile ya jino la kudumu.

Kuhusu kupiga mswaki sitakaa sana, kwa kuwa wengi mnafanya vizuri. Mswaki mmoja wa familia, umechomekwa kwenye tundu la ukuta wa bafu, nywele zimelala pande zote mbili. Asubuhi kabla ya chai, kamwe si usiku. Mtoto wa miaka minne ajipigie mwenyewe ili ajifunze kujitegemea, ingawa wataalamu wanataka mzazi amsaidie mpaka afike kama miaka saba au minane. Mzee anayetafuna kijiti cha mswaki jioni kizani mwache afe na ushamba wake; kijiti kilichotumiwa kwa uangalifu husafisha kweli, lakini hakipendezi kwenye picha. Dawa ya mswaki iwe ya wageni. Ukisikia kwamba aliye chini ya miaka mitatu anahitaji tone la ukubwa wa punje ya mchele tu, na wa miaka mitatu hadi sita punje ya njegere, mara mbili kwa siku, ateme bila kusukutua sana, jifanye hujui punje ya mchele ikoje. Hapa Mpimbwe, penye majaruba ya mpunga kila upande, utahitaji kujifanya kwa nguvu.

Kuna silaha nyingine nzuri, nayo ni kuogopa floridi. Floridi iliyo ndani ya dawa ya mswaki huimarisha jino lisiyeyuke haraka, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya mswaki yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na zile za malaria na kisukari. Lakini wewe utamtaja yule binamu wa Arusha mwenye meno ya kahawia. Ni kweli, maji ya visima na chemchemi za ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Arusha na Kilimanjaro hadi Manyara na Singida, mengi yana floridi kupita kiasi, mengine juu sana ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika hilo linaweka kuwa kikomo. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hayo ni maji ya kunywa, mtoto anakunywa kutwa tangu azaliwe. Tone la ukubwa wa punje ni habari nyingine. Changanya habari hizi mbili kwa ujasiri, nunua ile dawa ya mitishamba isiyo na floridi, na uitetee kwa jina la asili.

Sasa tuje kwenye njia ya mkato, kwa wasioweza kungoja sukari ifanye kazi. Mtoto ana miezi mitano, anaharisha, ana homa, hanyonyi. Jirani anamfungua kinywa, anapapasa ufizi pale chonge litakapoota, anakuta uvimbe mweupe mweupe. Anatamka: meno ya plastiki. Imani hii ilishika kasi Tanzania kuanzia miaka ya 1980; mwanaanthropolojia Brad Weiss aliiandikia makala mwaka 1992 alipoikuta kwa Wahaya wa Kagera, na nchi jirani za Kenya na Uganda zina ya kwao kwa majina mengine. Kinachopapaswa pale ni chonge changa la utoto likiwa bado ndani ya ufizi, limekaa pale panapotakiwa, halijamkosea mtu. Kuharisha kumetokana na maji au chakula, homa pengine na malaria.

Mbinu yenyewe ni kuchimbua ufizi huo kwa kisu, au spoku ya baiskeli, au chochote chenye ncha, bila ganzi. Mtoto anapoteza damu ambayo hana ya ziada. Anaweza kupata pepopunda, au uambukizo unaoingia kwenye damu. Maji na chumvi vilivyopungua mwilini kwa kuharisha havijarudishwa, kwa sababu siku ambayo angepewa ORS na zinki kwenye zahanati imetumika kwa fundi. Akipona, na wengine hawaponi, chonge la kudumu lililokuwa likijitengeneza chini yake huweza kutoka limepinda au lisitoke kabisa. Nimejaribu kuandika aya hii kwa mzaha, nimeona haikubali. Tuendelee.

Jino likishatoboka na kuanza kupwita usiku, usikimbilie zahanati. Anza na ugoro, halafu karafuu, halafu maji ya chumvi ya moto, halafu yale majani ambayo shangazi anayajua yeye peke yake. Karafuu na maji ya chumvi vitapunguza maumivu kidogo, na hiyo ndiyo kazi yake: kukununulia wiki moja ya kusahau. Kisha nenda duka la dawa muhimu ukanunue vile vidonge vya rangi mbili, vinne tu, si dozi nzima, umpe mtoto viwili leo na viwili akikumbuka kulia. Uvimbe utashuka. Tundu litabaki palepale, maana hakuna kidonge kinachoziba shimo, lakini utulivu umerudi nyumbani na mwalimu ataambiwa mtoto alikuwa na homa. Atakosa shule siku mbili muhula huu, tatu muhula ujao. Atajifunza kutafunia upande mmoja. Watu watasema mtoto huyu mchaguzi wa chakula.

Kama itakubidi umpeleke kwa mtaalamu, jihadhari na kuziba. Kuziba jino ndiko kunakoharibu mipango yote hii. Tena wakikwambia inahitaji umeme na mashine kubwa, shukuru na uondoke, kwa sababu usipoondoka unaweza kukutana na anayejua historia. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika chuo cha meno cha Dar es Salaam walikuwa wakienda vijijini na vifaa vilivyotaka umeme na maji ya bomba, vijiji vyenyewe havina. Wakaamua kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe. Hakuna mashine inayolia, mara nyingi hata sindano haihitajiki, mtoto anakaa kwenye benchi au analala mezani. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ilipobeba mada ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo, na leo inatumika duniani kote. Ilizaliwa Tanzania, kwa ajili ya mahali kama Kibaoni. Ulizia kama inapatikana kwenye kituo chenu cha afya na unaweza kujikuta umeharibu kazi ya miaka saba kwa swali moja.

Kwa bahati nzuri, wengi hufika wakati kung'oa tu ndiko kulikobaki. Ukielekezwa Mpanda, panda gari alfajiri. Barabara inakatiza Hifadhi ya Katavi. Funga dirisha, maana mbung'o hawana nauli na wanapanda tu. Pale Sitalike abiria wote watageuka kuwaangalia viboko wa mto Katuma wakipiga miayo, na mwanao ataangalia huku ameshika shavu. Usimwambie kwamba mamba waliomo mto huohuo hubadilisha meno maisha yao yote. Atakuuliza yeye kwa nini hapana.

Swali lenyewe litakuja, kwa sababu jino linalokwenda kung'olewa si la utoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa ya yale mengine, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hakuna sherehe, hakuna pengo, hakuna anayelitangaza, na mzazi anayesubiri meno ya kudumu yaanzie mbele hulipokea kwa pipi bila kujua mgeni ameshafika. Akiwa na miaka kumi limekwisha. Daktari atapiga ganzi, atalitoa, ataweka pamba, atasema mtoto ang'ate.

Mkirudi Kibaoni atalitupa juu ya paa, alivyofundishwa kwa yale ya mwanzo, na ataanza kusubiri jingine. Usimkatishe tamaa. Akifika miaka kumi na mitano akiwa bado anapapasa pengo kwa ulimi, mnunulie soda.